Laptopu ya Michezo na Adui Yake Joto

Bwana Mhariri ameniomba niwaandikie wasomaji habari za laptopu za michezo, yaani zile kompyuta nene zenye taa za rangi ambazo siku hizi zaonekana hata hapa Rwekubo na ndani ya makazi ya Nakivale, na namna ya kuzirekebisha ili ziende vizuri. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanafunzi huniuliza sana jambo hili, na majibu wanayopewa mitaani mengi ni ya kuwapoteza. Ya pili, wenzangu wa zamani, tuliomaliza shule kabla simu za kioo hazijafika, huenda hawajui kwamba ile michezo tuliyoicheza kwa siri katika chumba cha kompyuta, mwalimu alipotoka, ilikuwa na elimu ndani yake. Basi nitachanganya mambo hayo mawili, na atakayechoka na moja aruke asome la pili.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Laptopu ya kawaida, ile ya karani au ya mwalimu, ina prosesa moja ifanyayo hesabu zote. Hutumia umeme kiasi cha wati 15, na chaja yake ni ya wati 45 au 65. Laptopu ya michezo ina chipu kubwa mbili. Prosesa yake hutumia wati 45 na zaidi, na kando yake iko chipu ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora tu, kuchora mfululizo bila kupumzika. Nayo peke yake huweza kula wati 60, au 100, au hata 150. Ndiyo maana chaja yake ni nzito kama tofali, ya wati 180 au 230. Sasa jambo ambalo watu wengi hawalifikiri ni hili: umeme wote huo uingiao katika chipu hutoka hali umekuwa joto. Hakuna hata wati moja igeukayo kuwa mchezo. Wazee wanaokumbuka globu za zamani za wati 100, jinsi zilivyounguza vidole ukizigusa, wafikiri globu moja na nusu ya namna hiyo imefungiwa ndani ya sanduku lenye unene wa vidole viwili, na mtoto ameliweka sanduku hilo juu ya godoro.

Joto hilo hutolewa hivi. Juu ya kila chipu pamepakwa pesti laini ya kupitisha joto. Juu ya pesti pamelazwa bamba la shaba. Kutoka bambani hupita mabomba membamba ya shaba mpaka ukingoni mwa laptopu, na huko kuna mapezi mengi yaliyopangwa karibu karibu kama kurasa za kitabu, na feni yapuliza hewa kati yake. Njia hiyo ikizibika mahali pamoja tu, joto hurudi nyuma kama maji ya mtaro uliojaa takataka. Chipu ikifika nyuzi 95 au 100 za sentigredi hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Mchezo uliokuwa ukitiririka kama maji huanza kukatika katika, mchezaji husema, "Mashini imechoka," au, "Imeingia virusi." Haikuchoka wala haina virusi. Inajiokoa.

Kwa hiyo nasema, na wanaonijua wamekwisha kunisikia mpaka wakachoka: kurekebisha laptopu ya michezo si kuiongezea moto, bali kuipunguzia. Wako vijana katika nchi za mbali wanaojivunia kuipandisha prosesa juu ya kipimo alichoweka mtengenezaji. Wao wana umeme usiokatika, wana vyumba vya baridi, na chipu ikiungua hununua nyingine. Yeye aliyeuziwa laptopu kuukuu katika duka la Mbarara, kwa fedha zilizotoka katika mikungu ya matoke ya baba yake au katika cherehani ya mama yake, hana haja ya elimu hiyo.

Tena mahali petu pana mambo yake. Mbarara iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika nane. Feni huzunguka vile vile na kupiga kelele vile vile, lakini hewa inayoisukuma ina uzito pungufu, na joto linaloondoka hupungua. Hilo si jambo kubwa. Baridi ya jioni zetu hulipa deni hilo. Jambo kubwa ni vumbi. Aliyesafiri kwenda Nakivale mwezi wa Julai, nyuma ya lori, hahitaji kuelezwa habari zake. Vumbi hilo jekundu huingia kwa feni, hukutana na nyuzi za blanketi na nywele, na vyote pamoja hushikamana juu ya mapezi ya shaba mpaka vikawa kama kipande cha zulia. Nimefungua laptopu nyingi ambazo wenyewe waliambiwa kwamba prosesa imekufa, nikakuta zulia hilo tu.

La tatu ni umeme. Makazi ya Nakivale huhesabiwa umri wake tangu mwaka wa 1958, na kwa hiyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo wanakaa humo watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na sokoni wengi wao hupatana kwa Kiswahili. Nyumba nyingi humo hutegemea sola. Kwa mtu wa sola wati si neno la kitabuni. Ni dakika za mwanga wa jioni, na ni simu ya jirani ambayo haitachajiwa.

Sasa niwageukie wazee wenzangu kidogo, maana hapa ndipo historia inapotusaidia.

Mwaka huo huo wa 1958, mwezi wa Oktoba, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, mwanafizikia mmoja jina lake William Higinbotham aliona kwamba wageni waliokuja kutazama maabara hawapendezwi na mashini zilizosimama kimya. Akachukua kompyuta ndogo ya kupigia hesabu za mwendo, akaiunga na kioo kidogo cha mviringo, akatengeneza mchezo wa tenisi: mstari mmoja kuwa uwanja, mstari mdogo kuwa wavu, na nukta moja ya mwanga kuwa mpira. Watu walipanga foleni ndefu. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1962 ambao Uganda ilipata uhuru, Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT walimaliza Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vinavyopigana angani, kwenye kompyuta iliyouzwa kwa dola 120,000. Kompyuta hiyo kubwa kama makabati kadhaa haikuwa na nguvu za simu ndogo iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. (Wazee wa omweso watacheka. Mchezo wao una mashimo 32 na kete 64, umechezwa tangu enzi za wafalme, wala haujaomba chaja.)

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Space Invaders, uliotungwa na Mjapani Tomohiro Nishikado mwaka wa 1978. Wengi wetu tuliuona baadaye katika mashini za kuiga. Wadudu wa angani 55, safu tano za wadudu kumi na mmoja, hushuka polepole huku wewe ukiwapiga risasi kutoka chini. Kadiri unavyowaua ndivyo waliosalia wanavyozidi kwenda mbio, hata yule wa mwisho hukimbia kama mwizi. Watu walidhani ni ujanja wa mtungaji. Asili yake ilikuwa udhaifu wa prosesa. Ilikuwa na mizunguko milioni mbili tu kwa sekunde, na kuwachora wadudu 55 kuliishinda. Kila mdudu alipokufa kazi ilipungua, nayo ikapata nafasi ya kwenda upesi. Nishikado aliona kwamba mchezo unazidi kuwa mtamu, akauacha hivyo hivyo. Hapo mwanafunzi apate jambo moja la kukumbuka: kazi ya kuchora ndiyo mzigo, na mzigo ukipungua mwendo huongezeka, bila kuongeza nguvu yoyote.

Ilikuwapo pia habari ya saa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya mizunguko 4,770,000 kwa sekunde, na watungaji wa michezo mingi waliufanya mwendo huo kuwa saa yao. Zilipokuja kompyuta za mbio zaidi, michezo ile ilipata wazimu: gari liligonga ukuta kabla hujashika kibodi. Ndipo watengenezaji wakaweka mbele ya sanduku kifungo kilichoandikwa Turbo. Wanafunzi walikibonyeza wakiamini kwamba kinaongeza nguvu za ajabu, na jina lake liliwasaidia kuamini hivyo. Kumbe faida yake ilikuwa kwamba ukikizima, mashini hupunguza mwendo, na mchezo wa zamani huchezeka. Basi kifungo cha kwanza cha kurekebisha mwendo ambacho watu wengi walikigusa kwa mkono kiliwekwa kwa ajili ya kupunguza.

Mwingine ni Prince of Persia wa mwaka 1989, ambao wazee wengi wataukumbuka kwa zile dakika 60 za kumwokoa binti mfalme na kwa miiba iliyochomoza sakafuni. Mtungaji wake, Jordan Mechner, alitaka mwana wa mfalme apate adui wa kupigana naye, lakini kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa imejaa, hapana nafasi ya kuweka picha za mtu mwingine. Akachukua picha zile zile za mwana wa mfalme, akaziingiza katika hesabu moja ya kuzigeuza, akapata kivuli kinachong'aa. Yule mtu wa kivuli aliyetutia hofu amezaliwa kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Kadhalika Tetris: Alexey Pajitnov aliutunga Moscow mwaka wa 1984 kwenye mashini isiyoweza kuchora picha yoyote, akaunda matofali yake kwa alama za mabano. Na nyoka wa Nokia, aliyetoka mwaka wa 1997 na ambaye wengi wetu hapa tulimjua baada ya MTN kufika Uganda mwaka 1998, alikula nukta zake siku nzima bila kumaliza betri. Simu ile haikuwa na feni, maana haikuwa na joto la kutoa.

Michezo ya leo haifuati saa ya prosesa. Watungaji wameutenga mwendo wa mchezo na kazi ya kuchora, na kwa hiyo gari halipati wazimu tena. Lakini hapo pameingia hasara ambayo wachezaji wengi hawaioni. Kwa kuwa mchezo hauharibiki, chipu ya picha huachiwa ichore kadiri iwezavyo, hata mara 150 au 200 kwa sekunde. Sasa kioo cha laptopu nyingi hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde. Vingine mara 144. Mwenye kioo cha 60 ambaye chipu yake yachora picha 150 anatupa picha 90 kila sekunde. Jicho lake halikuziona, ila umeme wake umekwenda na mapaja yake yameungua. Mwaka 2021 mchezo mmoja mpya ulipotolewa kwa majaribio, ukurasa wake wa mwanzo, usio na jambo ila picha tulivu, ulichorwa mamia ya mara kwa sekunde bila mpaka, na kadi kadhaa za bei kubwa, zenye kasoro ndogo katika maungio yake, zikafa papo hapo.

Basi tuanze kazi, na tuanze na hilo. Fungua mipangilio ya mchezo, tafuta mahali pa mpaka wa fremu, weka 60. Kama mchezo hauna nafasi hiyo, programu ya chipu ya picha yenyewe inayo. Kwa michezo isiyo ya haraka, kama ya kujenga miji au ya kulima, 40 yatosha kabisa, na wala usiwasikilize watakaokucheka. Chipu iliyokuwa ikichora 120 na sasa yachora 60 imepunguziwa karibu nusu ya kazi, na joto hushuka mbele ya macho yako. Hakuna rekebisho jingine lenye faida kubwa kama hili kwa kazi ndogo kama hii.

La pili ni volti, na hapa naomba wanafunzi wa fizikia wakae vizuri. Umeme unaotumiwa na chipu inapofanya kazi hufuata mwendo wake mara moja, lakini hufuata volti mara mbili, yaani volti mara volti. Tuseme prosesa inatumia wati 45 kwa volti 1.20. Ukiishusha volti kwa sehemu moja katika kumi, ikawa 1.08, bila kugusa mwendo, hesabu yake ni 0.9 mara 0.9, yaani 0.81, wati 45 zimekuwa kama 36. Wati tisa zimeokolewa, na mchezo haukupungua hata kidogo. Yawezekanaje? Ni kwa sababu chipu hazizaliwi sawa hata kiwandani. Mtengenezaji huweka volti itakayoitosha ile iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa hiyo nyingi hupewa zaidi ya haja yao. Zipo programu za kupunguza. Shusha kidogo kidogo, sehemu kumi za elfu za volti, yaani 0.010 kwa kila hatua. Kila hatua cheza mchezo mzito kwa saa moja. Mashini ikiganda au kujizima, haikuharibika. Iwashe, rudi juu hatua mbili, kaa hapo. Asiyekuwa na subira asiguse kazi hii.

Wengine watakuta mlango huo umefungwa. Mwaka wa 2019 wataalamu walionyesha kwamba mtu mwovu aweza kuchezea volti za prosesa fulani na kuiba siri zilizo ndani, na watengenezaji wengi wakafunga nafasi hiyo. Basi iko njia nyingine, rahisi kabisa, ambayo naipenda kwa sababu haitaki programu yoyote. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, mahali pengi pako maneno ya kiwango cha juu cha prosesa, nayo huwa 100. Andika 99. Mtu atasema, "Moja katika mia, itafaa nini?" Hutokea hivi: kwa prosesa nyingi, mia maana yake ni ruhusa ya kuruka juu ya mwendo wake wa kawaida, toka bilioni 2.6 za mizunguko hadi bilioni 4 au 5, na kila inaporuka hudai volti nyingi zaidi. Ukiandika 99 ruhusa hiyo huondolewa. Katika michezo mingi, ambapo mzigo mkubwa uko kwa chipu ya picha, hutaona tofauti kubwa, lakini prosesa itapoa mara moja. Ni kile kifungo cha Turbo cha zamani, kimehamia ndani.

La tatu ni usafi. Zima laptopu, chomoa chaja, ondoa vifuniko vya chini kwa bisibisi ndogo, na weka kila skrubu mahali pake juu ya karatasi uliyochora umbo la laptopu, maana hazilingani urefu. Kabla ya kugusa kingine chomoa waya wa betri. Puliza mapezi kutoka upande wa nje kwa pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Shika panga za feni kwa njiti ya kiberiti zisizunguke, maana zikizungushwa kwa nguvu ya upepo huweza kuharibika. Lile zulia nililolitaja hutoka kwa kibanio. Wakazi wa vijijini wafanye hivi kila baada ya miezi mitatu wakati wa kiangazi. Wa mjini, miezi sita. Pesti ya joto ibadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu: futa ya zamani kwa kitambaa kilicholowa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mahindi katikati ya chipu, rudisha bamba, kaza skrubu kwa kufuata nambari zilizoandikwa kando yake. Anayeogopa ampelekee fundi, ila akae hapo hapo atazame.

Mambo madogo nitayapita upesi. Inua nyuma ya laptopu kwa vifuniko viwili vya chupa ili feni ipate hewa. Usiweke kitandani. Kama ina kumbukumbu moja ya gigabaiti 16, mbili za gigabaiti nane huenda vizuri zaidi, kwa kuwa prosesa hupata njia mbili badala ya moja. Usicheze mchezo mzito kwa betri. Laptopu hujipunguza yenyewe ikiwa haina chaja, na betri huchakaa kwa joto. Kama inaruhusu, weka mpaka wa kuchaji asilimia 80. Na betri ikivimba, ukaona kibodi imeinuka au sehemu ya kipanya haibonyezeki, acha kuitumia siku hiyo hiyo, usiichome kwa kitu chochote, wala usiilaze ndani ya nyumba wanakolala watoto. Moto wa betri hizo hauzimwi kwa kikombe cha maji.

Sasa tupige hesabu ya nyumba moja ya sola. Tuseme paneli ni ya wati 100, na jua la kwetu latoa kama saa tano za nguvu kamili kwa siku. Hiyo ni wati 500 za saa moja. Baada ya hasara ya betri na inveta tuhesabu 350. Laptopu ya michezo iliyoachwa bila kurekebishwa, inayovuta wati 150, itamaliza akiba hiyo kwa saa mbili na dakika ishirini, na nyumba italala gizani. Laptopu ile ile, ikiwa imewekewa mpaka wa fremu 60, volti imeshushwa, na kioo kimepunguzwa mwanga, huweza kuvuta wati 60 au karibu yake. Akiba ile ile yatosha karibu saa sita. Watu wawili watajifunza kutengeneza filamu za harusi mchana, mmoja atacheza mpira jioni, na taa itawaka.

Iko habari ya kweli ya kijana mmoja aliyekulia katika nchi hii ambayo yaonyesha uzito wa wati kuliko hesabu zangu. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake walipokuwa wakikimbia vita Sudan ya Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta mara ya kwanza, wakati wa kuandikishwa wakimbizi, alimwambia mama yake kwamba anataka moja. Mama alikuwa fundi wa kushona. Aliweka akiba miaka mitatu, akapata dola 300, akamnunulia mwanawe laptopu bila kumwambia anaweka nini. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji. Mayen alitembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi. Kwa laptopu hiyo alicheza Grand Theft Auto: Vice City, akaanza kujiuliza kwa nini mchezo wa kompyuta usiwe wa kuleta amani badala ya kupora magari, kisha akajifundisha mwenyewe kutunga. Mchezo wake wa kwanza aliuita Salaam. Baadaye alihamia Washington, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka wa 2018 alitunukiwa katika sherehe za The Game Awards, mbele ya wakuu wa kazi hiyo duniani.

Tazama safari ile ya saa sita. Betri ya laptopu ikiwa hutosha saa mbili kwa sababu ya uchafu na mwanga uliopita kiasi, basi Mayen alitembea saa tatu kwa kila saa moja ya kujifunza. Ikirekebishwa itoshe saa nne, miguu yake hulipa nusu ya bei hiyo. Na kwa kuwa intaneti kambini ilikuwa adimu, Salaam ulipita kwanza toka simu hadi simu, mkono kwa mkono. Mchezo mzito usingepita hivyo. Vijana wa Juru, wa Rubondo na wa New Congo wanaotaka kutunga michezo yao wajaribu kazi zao kwenye simu dhaifu kuliko zote zilizo kijijini, kama Nishikado alivyolazimika kufanya kazi kwa prosesa yake dhaifu. Ikichezeka hapo, itachezeka kila mahali.

Mwisho nina ombi kwa wenye laptopu hizi, wanafunzi na wazee pia. Kabla ya kurekebisha chochote, cheza mchezo mmoja kwa nusu saa, na uandike daftarini mambo matano: saa ya siku, joto la prosesa, joto la chipu ya picha, fremu kwa sekunde, na kama ulikuwa umeme wa nguzo au wa sola. Programu za bure za kupima mambo hayo ni nyingi. Kisha fanya rekebisho moja tu, si mawili kwa pamoja, ucheze tena nusu saa mahali pale pale, uandike tena. Daftari hizo ziletwe Rwekubo kabla ya shule kufungwa; nitazipanga kwa aina ya mashini, na ya vumbi la Julai nitayaweka mbali na ya mvua za Novemba, tuone tofauti yake ni nyuzi ngapi.